Hewa kwanza, mafuta baadaye: niliyoongea Jumamosi kuhusu kabureta mbili za mtumba

Shikamooni wazee wangu mliokaa pale kwenye kivuli cha mwembe, na nyie vijana mliokalia matairi mambo zenu. Mi si mtu wa hotuba, mnanijua, mi ni mtu wa kuinama kwenye boneti, sasa mkishanipa maiki mkasema ongea dakika ishirini mjue hapa tunakaa saa nzima, chai ipo kwenye chupa pale jihudumieni tu msisubiri kukaribishwa.

Nimeombwa niongelee kabureta mbili za mtumba, kabureta ni kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli kabla ya kuingia kwenye injini, kwa sababu ndani ya wiki moja watu watatu wamenipigia simu na wote wimbo mmoja, kaka nimepata kabureta mbili nimefunga, gari haina sailensi, yaani haitulii ikiunguruma imesimama, inamisi, inakunywa mafuta balaa, nikaze wapi nilegeze wapi. Na wote nilivyowauliza, je shafti ushaziangalia, simu ikawa kimya. Mmoja akaniuliza shafti gani tena, ya propela? Nikasema basi, Jumamosi tuonane.

Gari yangu wengi mnaijua, ile Volvo 121 ya mwaka 1966 rangi ya maziwa aliyoniachia marehemu baba mkwe. Ina injini ya B18, ujazo wake cc 1778, na ilikuja na kabureta moja tu ya Zenith, gari ya kistaarabu ya kwendea misa na harusi. Sasa ndugu zake, zile 122S, bloku ni ileile lakini zilitoka kiwandani na kabureta mbili za SU, na mtu ukishajua hilo usingizi hauji. Wazee hapa mnamkumbuka Joginder Singh, yule wa Kericho mliyekuwa mkimwita Simba, mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walichukua Safari Rally na Volvo PV544, na ile gari haikuwa mpya jamani, kiwanda kilishaitumia kwenye mashindano kikaiuza, wao wakanunua mtumba wakawaacha wenye gari mpya kwenye matope. Kwa hiyo mtu asikucheke kwa kununua kitu kilichotumika, akucheke kama hukukikagua.

Kwanza tuelewane hii SU ni mdudu gani, mana ukiijua inavyofanya kazi hutaiogopa. Iliundwa Uingereza miaka ya mwanzo ya 1900 na familia ya kina Skinner, SU ni Skinners Union, na hao walikuwa watu wa biashara ya viatu, ndo mana kabureta zao za mwanzo mahali palipo na pistoni saivi palikuwa na mfuko wa ngozi unaojikunja na kujikunjua. Mi hiyo stori naipenda sana, fundi viatu ndo katupa kabureta. Baadae ngozi ikaondoka ikaja pistoni ya chuma ndani ya kifuniko chenye umbo la kengele, na mi nakiita kengele mpaka leo. Injini ikivuta hewa, pistoni inapanda, ikipanda inanyanyua sindano iliyochongoka inayoning'inia chini yake, sindano ikinyanyuka kwenye jeti, kile kitundu cha kutolea mafuta, nafasi inaongezeka, mafuta yanatoka zaidi. Injini ikipunguza kuvuta, pistoni inashuka, sindano inaziba. Basi, hamna utitiri wa vijeti kama kabureta zingine, jeti moja sindano moja, na hewa yenyewe ndo inaamua mafuta yatoke kiasi gani. Shikeni hapo kwenye hewa, mana hotuba yangu yote iko hapo.

Sasa ununuzi. Za kwangu nilizipata mtaa wa Gerezani hapa Dar, jozi ya SU aina ya HS6 na manifodi yake, yale mabomba ya kupeleka hewa kwenye injini, zile kubwa za inchi moja na robo tatu, jamaa alikuwa kazipulizia rangi ya fedha zinang'aa kama sufuria za bibi harusi. Sitamtaja na duka lake silisemi, lakini alinifanyia kitu kimoja mbele ya macho yangu na mi nikatabasamu kabisa kwa ujinga wangu: alifungua kengele zote mbili, akamwaga pistoni, sindano, springi, vyote kwenye beseni moja la petroli, akasugua kwa mswaki, akafunga. Nikaona mtu msafi huyu, kumbe ndo kanipa kazi ya miezi mitano.

Mana sikilizeni, kengele na pistoni yake vilichongwa kwa pamoja kiwandani, ni kama mtu na meno yake. Hakuna ringi pale, hakuna sili, kinachozuia hewa isipite ni ule ukaribu tu wa chuma na chuma. Ukichukua pistoni ya kabureta ya mbele ukaiweka kwenye kengele ya nyuma inaweza kuingia vizuri tu usishtuke, lakini moja itavuja hewa nyingi kuliko mwenzake, na kabureta mbili zisizovuja sawa hazitakaa zipande sawa hata uzibembeleze vipi. Kwa hiyo ukifika dukani mwambie muuzaji usifungue, nifungue mwenyewe, moja ikishafungwa ndo nyingine ifunguliwe.

Ukaguzi wenyewe unaanzia kwenye shafti, ile fimbo nyembamba inayopita katikati ya tundu la hewa na kubeba batafulai, kile kisahani kinachofungua na kufunga njia ya hewa. Ishike kwa vidole viwili, usiizungushe, itikise juu chini. Ikicheza ukaisikia, tundu limeshatanuka na pale gari itakuwa inanyonya hewa ya wizi, hewa ambayo haikupita kwa pistoni wala kwa sindano, haikuhesabiwa na mtu yeyote. Wakati batafulai imefunguka sana hutaiona shida, lakini kwenye sailensi batafulai ikiwa karibu imefungwa kile kitundu kidogo ndo kinakuwa mlango mkubwa. Alafu nyanyua pistoni kwa kidole mpaka juu uiachie, isikilize, inatakiwa ishuke yenyewe na kugonga chini kwa mlio mkavu, kli! Ikishuka kimyakimya au ikaganda katikati, ama sindano imepinda ama jeti haijakaa katikati ama kuna uchafu. Maboya, yale yanayoelea kwenye bakuli la petroli la kabureta, yatikise karibu na sikio, ukisikia kitu kinachezacheza ndani boya limetoboka limejaa petroli. Mengine, gasketi, vijipini, hayo yananunulika, usipoteze muda nayo.

Mi sikufanya hata moja. Nilifunga siku hiyohiyo jua kali nina furaha zangu, ikawaka, ikanguruma, nikampigia shemeji simu asikie mlio. Kesho yake asubuhi foleni ya Tazara inazima. Inazima, nawasha, inazima, daladala nyuma zinanipigia honi, konda mmoja akaniambia mzee hiyo peleka makumbusho. Nikaanza kukaza na kulegeza. Miezi mitano, kila jioni bisibisi mkononi, nikiongeza mafuta sailensi inatulia lakini plagi zinakuwa nyeusi tii kama sufuria ya kuni na ukikaa nyuma ya gari macho yanawasha, nikipunguza mafuta inamisi na kupiga chafya kwenye kabureta. Kutoka Mbagala mpaka Posta nilikuwa nakunywa mafuta ya kwenda Chalinze, na mke wangu akasema kwa sauti ya upole kabisa, baba alikwendea misa miaka arobaini na kabureta moja.

Aliyenitoa ni mzee mmoja fundi mstaafu wa Magomeni, jina lake ningemtaja angenigombeza. Alikuja na kanzu yake katoka swala ya alasiri, hakuuliza kitu, akasema washa. Nikawasha, inatetemeka vilevile. Akachukua brashi ndogo ya rangi, akachovya kwenye oili nzito, akapaka pembeni pale shafti inapotokea kwenye bodi, upande mmoja, akasubiri, hamna kitu. Akapaka upande wa pili wa kabureta ya nyuma na injini ikabadilika mlio palepale, ikatulia kama mtoto aliyepewa titi, sekunde kumi hivi, alafu oili ilivonyonywa yote ikarudi kutetemeka. Akanitazama tu. Miezi mitano nazungusha nati za mafuta, zile za chini zinazopandisha na kushusha jeti, kumbe gonjwa lilikuwa hewa.

Kuna wanaopuliza ile dawa ya kusafishia kabureta wakasikiliza mlio, inafanya kazi hiyo, lakini ile kitu inashika moto na ekzosi ya B18 iko chini ya kabureta palepale, mi brashi na oili ndo nashauri. Na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, msiniangushe.

Dawa yake ni bushi, vile vipete vya kuvalisha tundu lililotanuka. Nilipeleka bodi zote mbili kwa mchonga vyuma, akatanua matundu akaingiza bushi za shaba na shafti mpya, na hapo angalieni sana, matundu mawili ya pande mbili lazima yatanuliwe kwa mstari mmoja ulionyooka, asije akatoboa huku alafu akageuza akatoboa kule kwa macho, shafti itabana na resi, ile pedali ya mafuta, itaganda ukiwa barabarani. Skrubu mbili ndogo za batafulai ncha zake zimepasuliwa na kutanuliwa ili zisifunguke, ukizitoa weka mpya na uzitanue tena vilevile, mana skrubu ile ikianguka haianguki chini, inaingia kwenye injini. Na kabla hujaitoa batafulai ipige alama, juu wapi na nje wapi, kingo zake zimechongwa kwa mshazari, ukiigeuza haifungi vizuri.

Zile pistoni zilizochanganywa nilizigundua hivi, na hii nimekuja na vifaa tutafanya hapahapa baadae. Unaziba vile vitundu vya pistoni kwa plastisini, wale wenye watoto wa shule mnayo nyumbani, unafunga kile kifuniko cha juu cha kengele bila oili, unasukuma pistoni mpaka mwisho ndani, alafu unashika pistoni na kuiacha kengele ishuke yenyewe huku unahesabu. Kwa saizi hii ya kabureta inatakiwa sekunde 5 mpaka 7. Yangu ya kwanza ilitumia karibu 7, ya pili ikadondoka mbili tu paa. Nikabadilishana pistoni, ya kwanza sita, ya pili sita kasoro. Nilikaa chini kwenye ngazi ya mlango nikacheka peke yangu, mtoto akaja kuuliza baba kuna nini.

Eeh, nimeona mkono pale. Anauliza hivyo vyote vikishakuwa sawa ndo tunaanza kutyuni? Bado kaka. Kabureta inasingiziwa mambo mengi sana mjini hapa. Valvu kama hazijapimwa, pointi zimeungua, taimingi imelala, mpira wa manifodi umepasuka, hata ulete SU iliyotoka kiwandani leo haitakaa. Weka hayo sawa kwa vipimo vya kitabu cha injini yako. Na pampu, nawaomba kwa herufi kubwa, watu mnachukua pampu ya umeme ya gari za injekta mnafunga kwenye gari za kabureta. Ile inasukuma kwa presha ya psi 40 hivi, SU inataka kama 3 tu, ile sindano ndogo ya boya haiwezi kuzuia, mafuta yanafurika yanamwagika juu ya ekzosi ya moto. Pampu ya asili ya kusukumwa na kamshafti inatosha kabisa. Kimo cha boya pima kwa biti ya drili, geuza kifuniko cha bakuli juu chini, biti ya milimita 4 ipite kati ya mkono wa boya na ukingo wa kifuniko ikiwa inagusa kidogo, mwisho wa habari.

Haya sasa tunatyuni, na tunaanza na hewa, nati za mafuta huzigusi. Injini iwe imepata moto kweli, zungukeni nayo hata dakika kumi na tano, si kuiacha inaunguruma getini. Legeza klampu za ile fimbo inayounganisha kabureta mbili ili kila moja ijitegemee, legeza pia waya wa choki. Skrubu za sailensi zitoe mpaka zisiguse, zirudishe mpaka ziguse tu, alafu ongeza mzunguko mmoja kila moja. Jeti za mafuta za kuanzia, kaza nati mpaka jeti iwe sawa na sakafu ya tundu, alafu shusha mizunguko miwili, yaani pande 12 za nati, zote mbili sawasawa. Hapo itawaka.

Alafu chukua mpira. Mi natumia mpira wa maji kama nusu mita, hamna cha mashine. Ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, sikiliza ule mlio wa ssss, hamia ya nyuma, ssss. Inayolia kwa nguvu inavuta zaidi, ipunguze skrubu robo, mwenzake iongeze, hamia tena, ncha ya mpira iwe palepale kila mara, ukiisogeza kidogo mlio unabadilika unajidanganya. Kabureta ya mbele inalisha silinda ya 1 na 2, ya nyuma 3 na 4, sasa hizi zisipovuta sawa ni kama watu wawili wamebeba sofa mmoja anakimbia. Lengo milio miwili iwe mlio mmoja na sailensi iwe kwenye mizunguko mia saba au mia nane hivi kwa dakika. Mzee pale nyuma anasema fundi wake anafanya kwa sikio tu bila mpira, sawa mzee wangu, na mi namheshimu, lakini sikio langu mi lina miaka hamsini na tatu na jirani ana baa.

Hewa ikishakuwa sawa ndo unakwenda kwenye mafuta, na hapa hapana muda mrefu, mana kazi imeshafanyika. Chini ya kengele pembeni kuna kijipini, kisukume kinyanyue pistoni kidogo mno, milimita moja isizidi. Mlio ukipanda na kubaki juu, mafuta mengi, pandisha nati upande mmoja. Injini ikitaka kuzima, mafuta machache, shusha upande mmoja. Ikipanda kidogo mara moja alafu ikarudi ilipokuwa, hapohapo achia. Upande mmoja wa nati kwa wakati mmoja jamani, si mzunguko. Na ukigusa mafuta ya mbele rudi ukasikilize nyuma, mana zinaongea kupitia ile njia iliyounganishwa kwenye manifodi, alafu rudi kwenye mpira, mara mbili tatu mpaka hamna cha kubadilisha. Ndo ukaze klampu za fimbo huku ukihakikisha batafulai zote zinaanza kufunguka kwa pamoja ukigusa resi, watu wengi wanamaliza vizuri alafu wanaharibu hapo, wanakaza moja imetangulia. Ukirudi kutoka barabarani toa plagi zote nne uzipange kwenye gazeti, rangi ya biskuti ndo tunataka, zote nne zifanane.

Oili ya kwenye kengele msisahau, ile fimbo ya juu yenye kifuniko. Ina kazi, inaichelewesha pistoni kupanda ukikanyaga resi ghafla ili mafuta yaongezeke kidogo, bila oili gari inasita kama inauliza ruhusa. Kitabu kinasema namba 20, mi naweka oili ya injini ya kawaida na gari haijalalamika, jaza mpaka kifuniko kikibakiza kama milimita 6 kukaa ndo uanze kusikia kinakataa. Na lile bati la kukinga joto kati ya kabureta na ekzosi, kwenye jozi ya mtumba mara nyingi halipo, wanauza kama chuma chakavu. Tengeneza lako. Joto la Februari, foleni, ekzosi chini yake, petroli inachemka kwenye bakuli, na gari iliyotyuniwa vizuri kabisa inazimika Buguruni unaanza kulaumu jeti zisizo na kosa.

Kitu cha mwisho ni kwa wanaokwenda Iringa Pasaka. Ukityuni hapa baharini alafu ukapanda Kitonga mpaka kule juu zaidi ya mita 1,500, hewa inakuwa nyepesi na mafuta yanaonekana mengi, gari itakuwa nzitonzito na plagi zitapata masizi kidogo. Usiguse kitu. Ukishaanza kuzungusha nati Iringa ukarudi Dar itakuwa imekauka na utanipigia simu saa nne usiku.

Haya, fungueni boneti ya ile Volvo. Imeshapata moto, nimekuja nayo kutoka Mbagala, na asubuhi skrubu ya sailensi ya kabureta moja nimeilegeza robo kwa makusudi, sisemi ipi. Huyu dada wa mwisho pale ambaye hajasema kitu tangu tuanze, mwanangu njoo, shika mpira huu, mbele kwanza alafu nyuma. Wengine nyamazeni kidogo. Na nyie wa bodaboda pale nje, dakika moja tu jamani, zimeni.